Ukienda Kutazama Uchimbaji wa Kiakiolojia, Anza kwa Kuuliza Jalala Lilikuwa Wapi

Mwezi uliopita nilipokea barua ya kukubaliwa kujitolea katika maabara ya akiolojia, hapa Massachusetts nchini Marekani, inayochambua vitu vilivyochimbwa kwenye kiwanja cha familia moja ya zamani iliyomiliki kinu cha maji. Kwa mtu aliyefundisha historia katika shule ya sekondari Bagamoyo kwa miaka mingi, akiwaeleza wanafunzi habari za vigae na tabaka za udongo kwa chaki na ubao peke yake, barua hiyo ni heshima kubwa, wala sioni sababu ya kuificha furaha yangu. Nilipowajulisha jamaa na marafiki, kijana mmoja anayesoma akiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliniandikia akisema: "Shikamoo mwalimu. Natarajia kuja huko kwa masomo. Nikienda kutazama uchimbaji, nifanye nini ili watu wa pale waone kwamba nimekuja kujifunza?" Marahaba, mwanangu. Swali lako ni la wengi, kwa sababu ninyi mnaosoma maandishi yangu ni watu wa tamaa moja na mimi: hamtaki kupita mbele ya historia na kupiga picha, mnataka kuingia ndani yake. Kwa hiyo nimeona nikujibu mbele ya wote.

Jina la mji wenyewe sitalitaja, kwa kuwa wenye uchimbaji wametuomba tusilitangaze. Kuna watu wanaozunguka usiku na vifaa vya kutambua chuma, wakifukua vifungo na sarafu na kuacha ardhi imevurugika, na kitu kilichokwisha kung'olewa mahali pake bila kuandikwa kilikuwa katika tabaka lipi hakimsaidii tena mtafiti. Nitasema tu kwamba kiwanja kiko kando ya mto mdogo, kwamba nyumba ya familia haipo tena isipokuwa msingi wa mawe na shimo la ghala la chini, na kwamba ukuta wa bwawa la kinu bado unaonekana kati ya miti.

Ili mtu aelewe anachokitazama mahali kama hapo, ni lazima ajue familia ya kinu ilikuwa watu wa namna gani. Katika eneo la kaskazini mashariki mwa Marekani liitwalo New England, walowezi Waingereza walipoanzisha mji, kinu cha nafaka kilikuwa miongoni mwa mahitaji ya kwanza, na mara nyingi mji ulimpa mtu ardhi na haki ya kutumia maji ya mto ili mradi ajenge kinu na kuwasagia wenzake. Mkulima alileta mahindi yake, naye mwenye kinu alibakiza sehemu ya nafaka kama malipo. Kwa njia hiyo familia moja ilishika chakula cha mji mzima, ikawa na neno katika mabaraza, ikaongeza kinu cha kupasulia mbao juu ya bwawa lilelile, na vizazi vilivyofuata vikaoana na familia nyingine zenye mali. Mwishoni mwa karne ya 18 nguvu hiyohiyo ya maji ikaanza kusokota pamba. Mjini Pawtucket, katika jimbo jirani la Rhode Island, Samuel Slater alianza kusokota kwa mashine za kuendeshwa na maji mwaka 1790, na jengo la kiwanda chake la mwaka 1793 lingali limesimama hadi leo. Vinu vingi vidogo vya nafaka vilibaki nyuma ya mkondo huo, lakini familia nyingi zilizovimiliki hazikubaki nyuma.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla ya kwenda kwenye shimo lolote, soma habari za uchimbaji mmoja uliokamilika, uujue vizuri. Mimi nilianzia Lowell, na kila ninalolijua kuhusu kutazama nilijifunza kwanza pale.

Lowell ni mji uliojengwa kwa ajili ya viwanda vya nguo tangu miaka ya 1820, penye maporomoko ya mto Merrimack yaitwayo pia Pawtucket (si mji ule wa Rhode Island), ambako maji hushuka takriban mita 10. Umepewa jina la Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston aliyeanzisha viwanda vya nguo, aliyefariki mwaka 1817 bila kuuona. Wenye hisa waliishi Boston, na kila kampuni ilimweka mkuu wake pale mjini, aliyesimamia mashine, mishahara na mwenendo wa wafanyakazi. Katika mtaa wa Kirk lipo hadi leo jumba la matofali la miaka ya 1840, lililogawanywa nyumba mbili, ambamo ziliishi familia za wakuu wa kampuni mbili jirani, Boott na Massachusetts. Hatua chache kutoka hapo yalikuwa mabweni ya wafanyakazi, ambao mwanzoni wengi wao walikuwa wasichana kutoka mashambani, waliofanya kazi zaidi ya saa 70 kwa juma na kutakiwa kuwa ndani saa nne usiku. Katika miaka ya 1980 kikundi cha watafiti, wakiwemo Mary Beaudry na Stephen Mrozowski, kilichimba nyuma ya mabweni ya kampuni ya Boott na pia kwenye kiwanja cha jumba la wakuu, kisha wakalinganisha.

Hapo ndipo penye somo. Hawakutafuta mali, walitafuta taka. Nyuma ya mabweni, ambako kampuni ilikataza pombe, walikuta chupa za pombe. Walikuta vipande vya viko vya udongo vya watu waliovuta tumbaku, vifungo, vitana, na mapambo ya bei nafuu ya kioo cheusi kilichotengenezwa kifanane na kito cha thamani, yaani vitu vya watu waliolipwa kidogo lakini waliotaka kupendeza siku yao ya mapumziko. Walichukua hata chembe za chavua na mabaki madogo mno ya mimea yaliyobaki udongoni, na kutokana nayo wakaonyesha kwamba kiwanja cha wakuu kilitunzwa kwa nyasi, ilhali nyuma ya mabweni yalimea magugu. Hebu fikiri: nyasi zilizokatwa zaidi ya miaka 100 iliyopita zinatoa ushahidi juu ya nani alikuwa na mtunza bustani na nani hakuwa naye. Vitabu vya kampuni vimeandika mishahara na marobota ya nguo, lakini havikuandika kwamba msichana wa bweni alipoteza pambo lake uani.

Nilitoka Lowell nikijua kwamba swali la kwanza la mtu mwenye akili mbele ya uchimbaji wowote wa makazi ni moja tu: jalala lilikuwa wapi? Nalirudia hapa, na nitalirudia tena.

Kabla sijafika kwenye kiwanja cha kinu, lipo jambo ambalo sina budi kulisema, kwa sababu wengi wenu litawapata. Katika eneo jingine la kihistoria, ambalo pia silitaji, nilimwuliza mwongozaji kuhusu mabaki ya chakula na watumishi wa nyumba ile. Alinitazama, akaniuliza ninatoka wapi, nami nikamwambia Tanzania. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba habari za familia ile ni za hapahapa, na kwamba pengine ningefurahia zaidi jumba la makumbusho lenye vinyago vya Afrika. Watu waliokuwa nami walicheka kidogo, si kwa ubaya. Niliporudi nyumbani niliandika maneno yale katika daftari langu, na mpaka leo nikiyasoma bado yananiuma. Sikusomea historia ili nielekezwe chumba cha vinyago.

Sasa niwapeleke kwenye kiwanja chenyewe. Ilikuwa siku ya wazi kwa umma, ya kiangazi, na safari ya kufika sina haja ya kuieleza. Ardhi ilikuwa imegawanywa kwa kamba katika miraba ya mita moja kwa mita moja. Ndani ya kila mraba alipiga magoti mtu na mwiko wa mwashi, akiparua udongo kidogo kidogo badala ya kuchimba, na udongo ule ukatiwa ndooni na kupelekwa kwenye chekeche kubwa la waya lililoning'inizwa kwenye miti mitatu. Wageni wengi walikusanyika penye jiwe la kusagia lililokuwa limelala kando ya mfereji, wakalipiga picha. Ni jiwe zuri, lakini jiwe la kusagia halikuambii familia ilikula nini. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi, nikamsalimu, nikamwuliza: jalala lilikuwa wapi?

Yule mama aliinua kichwa, akatabasamu, akaniambia kwamba tangu asubuhi alikuwa ameulizwa habari za dhahabu na mizimu tu. Akanichukua hadi nyuma ya ulipokuwa mlango wa jikoni, kwenye mteremko unaoelekea mtoni, mahali ambapo mtu mwenye ndoo ya taka angesimama na kuimwaga bila kutembea sana. Udongo wa pale ulikuwa mweusi kuliko wa jirani yake kwa sababu ya majivu na mabaki ya chakula. Akanionyesha mifupa iliyokatwa kwa shoka na mingine iliyokatwa kwa msumeno, maganda ya chaza, na vigae vya sahani nyeupe zenye ukingo wa buluu, aina iliyoletwa kwa meli kutoka Uingereza kwa wingi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19.

Kisha akaweka misumari kiganjani mwake. Nataka mwitazame misumari hiyo pamoja nami, kwa kuwa wageni huidharau. Wa kwanza ulifuliwa na mhunzi kwa nyundo, nao unachongoka kutoka pande zote nne, na alama za nyundo bado ziko kwenye kichwa chake. Wa pili ulikatwa na mashine kutoka kwenye bamba la chuma, aina iliyoenea tangu miaka ya 1790, na ukiugeuza unaona pande mbili zinapungua kuelekea nchani na pande mbili nyingine zimenyooka sambamba. Wa tatu ni wa waya, wa mviringo kama tunaoununua dukani, uliotawala tangu mwishoni mwa karne ya 19. Tabaka la udongo haliwezi kuwa la zamani kuliko kitu kipya kabisa kilichomo ndani yake, kwa hiyo msumari mmoja wa waya ulioshikwa chini ya tabaka unaweza kukanusha hadithi nzima iliyosimuliwa na wajukuu kwamba upande ule wa nyumba ulijengwa na babu wa kwanza. Mwanafunzi anayejua misumari hiyo mitatu anaweza kusimama kwenye uchimbaji wowote wa New England na kuheshimiwa.

Niliomba nisimame kwenye chekeche, wakaniruhusu. Ndoo kadhaa zilipita zikiwa na mawe na mizizi tu. Baadaye kilibaki juu ya waya kipande chembamba, cha rangi ya maziwa yaliyokaa, chenye meno yaliyokaribiana mno upande mmoja, na upande wa pili mizizi ya meno yaliyovunjika. Kijana aliyekuwa akichekecha alisema ni kitana cha mfupa cha kutolea chawa, akataka kukitia kwenye mfuko. Nikamwuliza: una hakika ni mfupa, au ni pembe ya ndovu?

Msimamizi aliitwa, akaja na kioo cha kukuzia. Akatueleza kwamba mfupa, ukikuzwa, huonyesha vitundu na michirizi midogo iliyopitisha mishipa ya damu, ilhali pembe ya ndovu haina vitundu hivyo, na pale ilipokatwa kwa upana huonyesha mistari myembamba inayopishana. Ukingo uliotosha kutazamwa ulikuwa mdogo kuliko ukucha. Akautazama kwa muda mrefu, akanipa kioo, nami nikaiona ile mistari. Kwenye lebo ya mfuko akaandika kwa mkono wake: pembe ya ndovu. Nilikuwa nimetoka Bagamoyo, mji ambao misafara kutoka Tabora na Ujiji iliuishia ikiwa na pembe mabegani mwa wapagazi, na sasa nilikuwa nimeshika kipande cha pembe kwenye jalala la mwenye kinu wa Massachusetts. Nilijivuna siku ile, na bado najivuna.

Kwa jicho tu haiwezekani kujua tembo yule alizaliwa wapi, na msimamizi alilisema hilo wazi, nami nalisema wazi pia. Lakini njia ya biashara inajulikana. Mwishoni mwa karne ya 18, katika jimbo la Connecticut, mafundi walianza kukata meno ya vitana kwa mashine badala ya mkono, na Phineas Pratt ni mmoja wa wanaotajwa kwa ubunifu huo. Kazi hiyo ilikua kwa nguvu ya maji ya vijito, mpaka miji ya Deep River na Ivoryton ikawa makao ya ukataji wa pembe kwa vitana na baadaye kwa vibao vya piano. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sultan Seyyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar. George Cheney aliishi Zanzibar akinunua pembe, kisha akarudi kuingia ubia na Samuel Comstock wa Ivoryton. Na meli zilizokuja kuchukua pembe na sandarusi hazikuja tupu: zilileta merikani, nguo ya pamba iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, kikiwemo kile cha Naumkeag kilichoanza kazi Salem katika miaka ya 1840. Majora ya nguo hiyo yalibebwa hadi bara na kutumika kulipia pembe, vibarua na hongo za njia, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipoikatiza pamba na wafanyabiashara wa Bombay na Uingereza wakaichukua nafasi hiyo.

Na pamba iliyosokotwa Lowell ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Kwa hiyo ukisimama kwenye kiwanja cha familia ya kinu, usikubali kuambiwa kwamba habari ile ni ya hapahapa. Ndugu zangu, jifunzeni kuuliza mikono. Nani alifua nguo za nyumba hii? Nani aliikata nyama hii? Nani alilima pamba ya shuka hizi, na nani aliibeba pembe ya kitana hiki kutoka Unyanyembe hadi pwani? Mwongozaji asipokuwa na jibu, swali lako halijapotea, kwa maana wenzake wamelisikia. Vijana wetu wanakuja nchi hizi kwa gharama kubwa, wanasimama mbele ya mawe, wanapiga picha, wanarudi. Hapana. Mzazi aliyekusomesha kwa kuuza ng'ombe au shamba anastahili zaidi ya picha. Uliza jalala. Uliza mikono. Na ukijibiwa vibaya, uliza tena mahali pengine.

Mambo ya adabu nitayapita haraka. Usikaribie ukingo wa shimo, maana ukuta wake ukimomonyoka tabaka huchanganyika. Usiokote kitu chochote, hata kigae kilicholala juu ya nyasi, bali simama hapo hapo na kumwita mhusika. Vaa viatu vya kufunika na kofia. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya kitu kilichotoka siku hiyo. Soma kabla ya kwenda, jambo ambalo nimekwisha kulisema, lakini watu husoma hoteli na bei ya tiketi na kudhani wamesoma.

Jambo la mwisho ni lile lililonipatia barua. Usiku wa siku ile nilimwandikia msimamizi, nikamshukuru, nikamwomba kitu kimoja: nione kinachofanyika baada ya shimo kufukiwa. Wageni karibu wote hudhani uchimbaji ndio kazi yenyewe, kumbe sehemu kubwa ya muda hutumika mezani. Vigae na mifupa migumu huoshwa kwa maji na mswaki laini, chuma hakitiwi maji bali hupanguswa kikavu, udongo wa jalala huloweshwa ili mbegu zilizoungua zielee na kukusanywa, kisha kila kipande huandikwa namba ya mraba na tabaka lake. Nilikwenda kutazama, nikaulizwa kama naweza kusaidia kupanga mifupa, nikasaidia, nikaitwa tena. Hakuna aliyenisemea na sikuwa na cheti chao chochote. Nilikuwa na maswali, na msumari sikuudharau.

Wewe kijana wangu wa Dar es Salaam, zingatia majira. New England huchimbwa hasa kati ya Juni na Agosti, kwa sababu ardhi huganda majira ya baridi. Ukifika Januari utakuta theluji imefunika miraba yote na hakuna wa kumsalimu kiwanjani. Maabara hufanya kazi mwaka mzima, kwa hiyo andika ukiwa bado nyumbani, ujitambulishe, utaje uchimbaji mmoja uliousoma na jambo moja la jalala lake ambalo ungependa kuelewa zaidi, na uombe saa moja ya kutazama mezani. Ukikaa Boston, Lowell unafika kwa treni kutoka kituo cha Kaskazini. Anza na jumba la makumbusho la viwanda vya Boott, usikie kelele za mashine za kufumia zikiwa zimewashwa, kisha tembea hadi mtaa wa Kirk ulitazame jumba la wakuu, na upime kwa hatua zako mwenyewe umbali uliolitenga na mabweni.